Miche mirefu, shina jembamba: namna ya kutumia vidhibiti ukuaji kitaluni bila kuua miche

Kila vuli ikikaribia, maswali ni yale yale. Miche ya nyanya ina wiki tatu, imerefuka mithili ya nyuzi za mkonge, ukimwagilia inalala chini. Nipige dawa gani? Mwingine ameshanunua chupa ya kidhibiti ukuaji huko Ngamiani, hapa Tanga mjini, sasa anauliza aweke vifuniko vingapi kwenye bomba la lita 16. Mwingine kapiga tayari, na miche imeganda pale pale, haikui wala haifi. Nimeona bora niandike jibu moja refu.

Nianze na la vifuniko, maana ndilo linaloharibu miche mingi. Dawa hizi hazipimwi kwa kifuniko. Tuchukue dawa ya maji yenye gramu 250 za kiambata (kile kiini cha dawa kinachofanya kazi) kwa lita, na kifuniko cha mililita 10. Kifuniko kimoja kina miligramu 2,500. Mimina kwenye bomba la lita 16, unapata kama miligramu 156 katika kila lita. Miche ya mboga huhitaji miligramu chache tu kwa lita, tuseme tano. Umeshazidisha zaidi ya mara 30 na bado hujaanza kupiga.

Dawa hizi hufanya nini

Ndani ya mche kuna homoni iitwayo jiberelini, inayoziamuru seli za shina zirefuke. Wajapani waliigundua kwa kuchunguza ugonjwa wa mpunga uliofanya mimea irefuke mpaka ianguke. Kidhibiti ukuaji cha aina tunayoizungumzia hapa hupunguza utengenezaji wa homoni hiyo. Mche unaendelea kutoa majani, ila nafasi kati ya jani na jani inakuwa fupi, shina linanenepa na kijani kinakolea.

Hilo lina maana moja ambayo watu hawapendi kuisikia: mche uliokwisha kurefuka haurudi chini. Dawa inazuia urefu wa kesho. Ule wa jana umeshautoa.

Kabla hujagusa dawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya miche mirefu ninayoionyeshwa, kuanzia Pongwe mpaka Muheza, haikuhitaji dawa yoyote.

Pwani yetu usiku haupoi sana, hewa ina unyevu mwingi, na jua la mchana linaogopesha. Anayeanza huogopa jua hilo akaweka kitalu chini ya mwembe au ndani ya banda la makuti. Mbegu zinaota vizuri, anafurahi. Siku chache baadaye miche inaanza kulitafuta jua. Joto likiungana na kivuli, na miche ikibanana, lazima shina liende juu. Ukipiga kidhibiti ukuaji katika hali hiyo utapata mche mfupi, lakini mnyonge vile vile.

Basi anza na mwanga. Kivuli kizito ni cha kuoteshea tu. Siku mbegu zinapochomoza, toa nyasi au gunia ulilofunikia siku hiyo hiyo, usingoje zote ziote. Baada ya hapo miche ipate jua la asubuhi lote. Neti ya kivuli ivutwe juu yake kuanzia saa tano hivi mpaka saa tisa alasiri jua linapochoma, kisha ifunguliwe tena. Ni kazi, najua. Kama huwezi kuvuta na kufungua neti kila siku, chagua neti nyepesi kuliko kuacha nzito juu ya miche mchana kutwa.

Kisha nafasi. Trei yenye matundu 200 inakupa miche mingi kwa mboji kidogo, lakini majani yakishagusana kila mche unashindana na jirani yake. Kwa nyanya na bilinganya utakazozikalisha kitaluni zaidi ya wiki tatu, trei ya matundu 128 au machache zaidi ina faida. Na tundu moja mbegu moja. Wale wa mbegu mbili mbili "kwa usalama" halafu hawang'oi mmoja, huo urefu wanajitakia.

Maji yamwagwe asubuhi, na uso wa mboji uachwe ukauke kabla ya kumwagilia tena. Miche inayolala na maji kila usiku, kwenye joto letu, inarefuka na inaalika ugonjwa wa kuoza shina. Hili ni muhimu zaidi kwa wanaotumia unga wa makumbi ya nazi, kwa vile unashika maji muda mrefu. Juu waweza kuonekana umekauka na chini ukakamua maji kwa kidole.

Kwenye mbolea, epuka urea na DAP kitaluni. Nitrojeni ya aina ya amonia pamoja na fosforasi nyingi huchochea shina laini na refu. Miche ikionyesha njaa, kalsiamu naitreti kidogo kwenye maji inatosha.

Ipo pia njia ya bure ambayo wengi hucheka wakisikia: kupapasa miche. Chukua kipande cha bomba la plastiki au fimbo laini, ipitishe juu ya vichwa vya miche ili iiname kidogo, mara 10 hadi 20, asubuhi na alasiri. Mche unaotikiswa hujikaza: unafupika na shina linakomaa. Nyanya, bilinganya na matango huitikia vizuri. Pilipili usiipapase, majani yake huumia. Papasa majani yakiwa makavu, na usipapase kabisa ukiona dalili ya ugonjwa, maana utaugawa trei kwa trei. Mvuta sigara aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche ya nyanya; virusi vya batobato ya tumbaku husafiri kwa mikono.

La mwisho ni kalenda. Nyanya huwa tayari kuhamishwa kwa wiki tatu mpaka nne hivi, pilipili hoho huchukua muda zaidi, hata wiki sita. Watu husia mbegu kwanza, kisha ndiyo waanze kutafuta trekta. Trekta lipo kwa jirani, jirani naye anangoja mvua, na miche haingoji mtu.

Ukiyafanya haya yote na bado miche inakimbia, au unazalisha miche maelfu ya kuuza na wateja hawaji siku uliyopanga, hapo dawa ina nafasi yake. Mwenye trei tatu za nyumbani asijisumbue.

Unachohitaji

- Dawa yenye lebo kamili na inayosomeka
- Sirinji mbili mpya zisizo na sindano, ya mililita 1 na ya mililita 10
- Jagi lenye alama za mililita
- Mizani ndogo ya kidijitali kama ile ya sonara, ikiwa dawa yako ni ya unga
- Chupa safi yenye kifuniko kwa ajili ya dawa mama (mchanganyiko mzito wa hatua ya 4), na kalamu ya kuandikia juu yake. Isiwe chupa ya soda wala ya maji ya kunywa
- Bomba dogo la mkono la lita 1 au 2, la kazi hii peke yake. Lililowahi kubeba dawa ya magugu usilisogeze karibu na kitalu
- Glavu, miwani, barakoa, nguo ya mikono mirefu na mabuti
- Futi kamba, rula na daftari

Daftari halikuwekwa hapo kwa mapambo. Bila kuandika, msimu ujao utakuja kuuliza swali lile lile.

Hatua kwa hatua

1. Soma lebo dukani, kabla ya kulipa.

Tafuta mambo matatu: jina la kiambata, kiasi chake, na mazao yaliyoruhusiwa. Majina utakayokutana nayo ni paklobutrazoli na unikonazoli, ambayo kwenye chupa huandikwa paclobutrazol na uniconazole. Unikonazoli ni kali zaidi. Kipimo cha moja usikihamishie kwa nyingine.

Paklobutrazoli nyingi zinazouzwa zimekusudiwa miembe, ili itoe maua. Huko kipimo ni kama gramu moja hadi moja na nusu ya kiambata kwa kila mita ya upana wa mti, na humwagwa ardhini. Ukifuata hesabu nitakayoionyesha hapa chini, gramu moja tu ingetosha trei zaidi ya 6,000 za miche. Kwa hiyo mtu wa duka akikuambia "tumia kama walivyoandika", muulize wameandikia mti gani.

Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu Arusha, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Chupa isiyo na namba ya usajili iache dukani. Na kama lebo haitaji miche ya mboga, usipige kwenye mboga ya kuliwa kabla ya kumwona afisa ugani wako na kuuliza TPHPA. Kwa kulinganisha, Marekani unikonazoli imeruhusiwa kwa miche ya jamii ya nyanya, pilipili na bilinganya, kwa jumla isiyozidi miligramu 10 kwa lita, na mpigo wa mwisho usipite siku 14 baada ya mche kufikia majani halisi mawili hadi manne. Mpaka huo mkali umewekwa kwa sababu: dawa ipungue kabla tunda halijafika mezani.

Onyo jingine la dukani. "Busta" nyingi zina jiberelini yenyewe ndani. Hizo hurefusha. Kuna watu wamepiga busta wakidhani ni dawa ya kufupisha, kwa kuwa zote zinaitwa homoni. Daminozidi, kidhibiti ukuaji kingine, nayo usiitumie kwenye chakula. Marekani iliondolewa kwenye mazao ya kuliwa mwaka 1989 baada ya kelele kubwa kuhusu mabaki yake kwenye matufaha.

2. Chagua zao.

Nyanya, bilinganya na pilipili ndizo za kufikiria. Ngogwe ni ndugu wa bilinganya, lakini undugu hauandikwi kwenye lebo, nayo mara nyingi hupona kwa jua na nafasi tu. Matango, matikiti na maboga yaache kabisa: jamii hiyo hudumaa kwa kiasi kidogo mno cha dawa hizi. Mchicha, sukuma, Chinese na matembele ni mboga za majani zinazoliwa mapema, usithubutu.

3. Pima bomba lako kwa maji matupu.

Lengo ni kama mililita 200 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya mraba. Weka alama ya mita moja kwa moja sakafuni kwa kamba. Tia maji lita moja kamili kwenye bomba, nyunyiza eneo lile kwa mwendo na umbali utakaotumia kwenye miche, kisha mimina yaliyobaki kwenye jagi uone yametumika kiasi gani. Yakitumika 350, ongeza mwendo au kaza nozeli. Yakitumika 100, punguza mwendo. Rudia mpaka mkono uzoee.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoeleza kwa nini watu wawili wenye kipimo kimoja hupata miche tofauti. Anayelowesha mpaka maji yanachuruzika kwenye mboji amempa mche dawa mara mbili: majani yamepata, na mizizi nayo imepata.

4. Tengeneza dawa mama.

Kupima sehemu ya kumi ya mililita moja kwa moja kwenye bomba ni kujidanganya. Tengeneza kwanza mchanganyiko mzito ambao kila mililita moja ina miligramu moja ya kiambata. Hesabu zote zinakuwa rahisi baada ya hapo.

Dawa ya maji ya gramu 250 kwa lita: vuta mililita 1 kamili, tia kwenye jagi, ongeza maji safi mpaka yafike mililita 250.

Dawa ya unga ya asilimia 5: pima gramu 2, tia maji kidogo, koroga, kisha ongeza mpaka mililita 100.

Lebo yenye kiasi kingine haibadilishi kanuni. Tafuta miligramu ngapi zimo kwenye mililita au gramu moja ya dawa, kisha weka maji ya mililita hizo hizo. Huu ni mfano wa hesabu, si kibali. Kibali kiko kwenye lebo.

5. Zimua kwa eneo ulilonalo.

Trei ya kawaida ina sentimita 54 kwa 28, sawa na mita za mraba 0.15. Trei 20 zinafanya mita 3 za mraba, na kwa mililita 200 kila mita unahitaji mililita 600. Tengeneza 700, hizo za juu zitabaki kwenye mpira na nozeli.

Unataka miligramu 5 kwa lita? Zidisha 5 kwa lita 0.7, unapata miligramu 3.5. Kwa kuwa kila mililita ya dawa mama ina miligramu moja, vuta mililita 3.5. Tikisa chupa kabla ya kuvuta, hasa ya unga, maana unga hutuama chini. Anza na maji nusu ya bomba, tia dawa, malizia maji.

Anayeanza asivuke 5, hata kama lebo inamruhusu 10. Na kipimo cha hapa mjini usimpelekee shemeji yako wa Lushoto. Kule ni mita 1,400 hivi juu ya bahari, baridi inaisaidia miche kubaki mifupi yenyewe. Kiasi ambacho huku pwani kinazuia kidogo, kule kitaigandisha.

6. Jaribu trei moja, na nyingine iache bila kupiga.

Piga trei moja, ngoja wiki moja, ndipo upige zilizobaki. Tatizo ni muda: wiki ikipita miche mingine imeshavuka hatua. Wenye akili husia trei moja au mbili za majaribio wiki moja mapema. Na siku ya kupiga zote, acha trei moja yenye alama bila dawa. Bila trei hiyo hutajua kama ni dawa iliyozuia urefu au ni wiki ya mawingu iliyobadilika kuwa ya jua.

7. Piga kwa wakati wake.

Wakati ni mche ukiwa na majani halisi mawili hadi manne. Yale mawili ya kwanza, yaliyotoka na mbegu, hayahesabiwi.

Mwagilia jana yake jioni, hii ndiyo siku pekee ninayokubali maji ya jioni. Mche uliosinyaa usipigwe. Asubuhi ngoja umande ukauke, piga kabla ya saa tatu, upepo wa bahari haujaamka na jua halijachoma. Pita mara moja, nozeli ikiwa juu ya miche kwa umbali ule ule ulioupima, mpaka majani yawe na vitone vidogo bila kuchuruzika. Kona za trei watu huzisahau, kisha hulalamika miche ya pembeni imekuwa mirefu.

Ukimaliza, usirudie pale unapohisi "hapakupata vizuri". Pamepata. Na siku hiyo usimwagilie kwa juu.

8. Pima na uandike.

Chagua miche kumi kila trei, pima kutoka uso wa mboji mpaka ncha ya kukua, andika. Rudia baada ya siku saba. Tofauti na trei isiyopigwa itaanza kuonekana hapo. Ukiona miche imekuwa kijani cha kukolea mno, usidhani imeshiba mbolea; ni dawa, majani yamebanana na rangi imejikusanya. Miche bado inaweza kuwa na njaa.

Kama wiki imepita na urefu bado unakimbia, waweza kupiga mara ya pili ikiwa lebo inaruhusu na jumla ya vipimo haijavuka kiwango chake. Baada ya hapo basi.

9. Osha, hifadhi, tenga.

Osha bomba mara tatu kwa maji na sabuni. Maji ya kuoshea yasiende kisimani, mtaroni wala mtoni. Dawa mama iandikwe jina, nguvu na tarehe, ifungiwe mbali na watoto. Bora zaidi utengeneze ya siku hiyo tu.

Dawa hizi hushika kwenye plastiki na hukaa kwenye mboji muda mrefu, paklobutrazoli ikikaa miezi mingi. Mboji ya trei zilizopigwa usioteshee mbegu nyingine. Trei zenyewe zisuguliwe kwa sabuni kabla ya msimu ujao, na hata baada ya hapo usizitumie kwa matango wala matikiti.

Matatizo yanayojitokeza

*Miche imeganda, majani yamekunjamana na ni kijani kizito.* Dawa ilizidi. Usiongeze kitu cha haraka haraka. Toa kivuli, mwagilia kwa kipimo, mpe kalsiamu naitreti kidogo, ngoja siku kumi. Zao likizidiwa kidogo hujikwamua. Jiberelini yaweza kugeuza hali, kwa miligramu moja au mbili tu kwa lita, lakini ijaribiwe kwenye miche michache kwanza, maana ikizidi itakurudisha kwenye tatizo ulilokuwa unalikimbia, na shina baya zaidi.

*Baadhi mirefu, baadhi mifupi, trei moja.* Mkono haukuwa sawa, au mbegu hazikuota siku moja. Angalia mpangilio: ikiwa mirefu iko mstari mmoja au pembeni, ni bomba. Ikiwa imetawanyika ovyo, ni uotaji.

*Hakuna tofauti yoyote na trei isiyopigwa.* Umechelewa, au hesabu ya dawa mama ilikosewa, au dawa ya unga ilituama. Piga hesabu upya kwenye karatasi kabla ya kulaumu duka. Kisha ndiyo ulaumu duka.

*Miche ilikuwa mizuri, imehamishwa shambani haisogei.* Mara nyingi dawa iliingia kwenye mboji wakati wa kupiga na mzizi unaendelea kuinywa. Mizizi ikishatoka kwenye donge na kuingia udongo mpya, hali hubadilika. Msimu ujao rudi hatua ya 3.

*Miche imefupika bila kupigwa kidhibiti ukuaji.* Angalia ulipiga dawa gani ya ukungu. Baadhi ya dawa za ukungu za jamii ya triazoli, kama tebukonazoli na propikonazoli, ni ndugu wa karibu wa paklobutrazoli na hudumaza miche michanga. Ukizichanganya na kidhibiti ukuaji katika wiki moja, umepiga mara mbili bila kujua.

*Miche imesharefuka, dawa haitasaidia, shamba liko tayari.* Ya nyanya isitupwe. Shina lake hutoa mizizi popote linapogusa udongo. Siku mbili kabla punguza maji ili shina lisikatike kirahisi. Ondoa majani ya chini, chimba kijifereji badala ya shimo, laza shina humo na uache nje kichwa chenye majani manne au matano, ukikiinua taratibu. Kabichi waweza kuizamisha mpaka kwenye majani ya mbegu. Pilipili zamisha kidogo tu, kisha ishikize kwenye kijiti. Matango na matikiti usiyafukie shina, yataoza. Hayo sia upya moja kwa moja shambani, na kwa joto letu la pwani yatakuwa yamechomoza ndani ya wiki.